Sukari ya Matanga Yangu

Nianze na jambo moja ili tusipotezeane muda: darasa langu la sekondari lilikuwa darasa la wajinga. Waliniita ng'ombe mwaka mzima, na mwaka mzima hakuna hata mmoja wao aliyejifunza kulia kama ng'ombe. Mimi nilizaliwa milimani Masisi, katika boma ambalo ng'ombe walijulikana kwa sauti kabla hawajaonekana. Ule mlio wao wa kubana pua na kufumba mdomo ungemtia aibu hata ndama anayehara. Lakini wao walikuwa wengi na mimi nilikuwa peke yangu, na wajinga wakishakuwa wengi hawahitaji ufundi.

Baba alinishusha Goma kwa sababu vita vilikuwa vimefika kwetu na mwalimu wetu alikuwa amekimbia na ufunguo wa shule. Baba mwenyewe alirudi mlimani kwa mama na ng'ombe, nami nikabaki mtaa wa Mabanga kwa mama mdogo, mdogo wake mama, ambaye aliuza makala, makaa ya kupikia, sokoni na mikono yake ilikuwa myeusi hata siku ya Krismasi. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, imekaa juu ya mawe ya volkano, na ukuta wa chumba nilicholala ulikuwa umebandikwa magazeti ya zamani ili upepo usipite. Nakumbuka tangazo moja la dawa ya meno lililokuwa usawa wa macho yangu nikilala. Nitalitaja tena, kwa maana nililisoma kuliko kitabu chochote cha shule.

Siku ya kwanza darasani mwalimu aliniita ubaoni akaninyooshea chaki. Kwetu, kitu cha mtu mzima hupokewa kwa mikono miwili na macho huangalia chini. Nikapokea kwa mikono miwili, nikaangalia chini. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu akatabasamu, mjinga mkubwa kuliko wote kwa sababu yeye alilipwa. Hapo shefu wa darasa akatoa mlio wa kwanza. Alikuwa binti wa mtu wa forodha pale mpakani, mwenye viatu vilivyong'aa kuliko akili yake, na uongozi wa darasa aliupata kwa kuandika majina ya wapiga kelele huku yeye akipiga kelele.

"Mbuuu," alisema. "Iyi inatoka ku Masisi. Muifungulie mulango ikakule majani."

Tangu siku hiyo, kila nilipofungua mdomo, walilia. Nikiulizwa swali, mbuuu. Nikisema "niko" wakati wa kuitwa majina, mbuuu. Nilinuka moshi na samli, walisema, na labda ni kweli, lakini wao walinuka manukato ya mama zao na jasho lao chini yake, na sikuwahi kumwambia mtu.

Kuna siku baba alituma jibini kwa dereva wa lori, lile jibini letu la mviringo la Masisi ambalo watu wa Goma hulinunua kwa kujidai wakipata mgeni kutoka Kinshasa. Mama mdogo alinikatia kipande kikubwa. Nilikuwa bado na upumbavu wa kudhani watu hawa wanaweza kununuliwa kwa wema, nikakibeba shuleni nigawe wakati wa mapumziko. Shefu wa darasa alikipokea kwa vidole viwili, akakinusa, akapiga chafya ya uongo, kisha akakirusha kwa mvulana wa nyuma. Kikageuzwa mpira. Kilipigwa teke mpaka kikavunjika kwenye kokoto nyeusi za uwanja, na mbwa wa mlinzi akaja akala. Mbwa ndiye pekee aliyekuwa na akili siku ile.

Sikulia. Nilirudi darasani nikakaa, na kitu fulani ndani yangu kikakaa pia, na hakikuinuka tena.

Siku hizi kuna jina lake. Wanaita sonona, na kuna vijana wanaolitamka bila kuona haya, nami nawaonea wivu. Wakati ule majina yalikuwa mengine. Mkuu wa nidhamu, mzee mwenye tumbo na fimbo, aliita uvivu. Nilipoanza kunyamaza kabisa darasani, alinipigisha magoti nje kwenye kokoto ili, alivyosema, sauti ipande kutoka kwenye magoti hadi mdomoni. Huyo ndiye tuliyekabidhiwa tufundishwe akili. Magoti yalitoka damu, sauti haikupanda, na shule nikaiacha.

Nikalala. Nililala nimeelekea ukuta, mbele ya lile tangazo la dawa ya meno, mwanamke anacheka meno yote na mimi namtazama. Kuamka kwenda kuchota maji kulikuwa kama kubeba nyumba. Kula kulikuwa kazi. Kichwa changu hakikusukwa mpaka nywele zikashikana. Sikutaka kufa kwa kishindo. Nilitaka tu asubuhi isije, na kila asubuhi ilipokuja niliichukia kama mtu aliyeingia bila hodi.

Mama mdogo aliogopa, na kwa kuogopa akaita watu wa maombi. Walikuja akina mama wa chumba cha sala na kiongozi wao mwenye suti inayometameta, wakanizunguka godoroni, wakanitemea mate ya maombi usoni. Kiongozi alitangaza kwamba nina pepo la ububu. Dawa yake ilikuwa kufunga, bila chakula, bila maji. Mimi, ambaye nilikuwa nimekaa siku nyingi bila kula, niliamriwa nisile. Hata pepo lenyewe, kama lingekuwepo, lingecheka.

Mama mdogo alijaribu mara moja tu kupinga. "Lakini mutoto hakulaka tangu zamani, mupakwa mafuta," alisema.

"Basi ameisha kuanza vizuri," akajibu yule wa suti.

Habari ikaenea mtaani kwamba kwa mama wa makala kuna mtoto anakaribia kwenda. Mabanga nyumba zimebanana; mtu akikohoa huku, kule wanamwambia pole. Majirani walipita karibu na dirisha langu wakisema kwa sauti ya chini inayosikika vizuri kabisa: huyu hafiki wiki ijayo. Hakuna aliyeingia. Labda waliona mtoto anayekaribia kufa hana haja ya wageni mpaka amalize.

Sasa, vita. Vita vya mwaka ule vilishuka kwa barabara ya Rutshuru, na siku moja asubuhi na mapema watu wa Kibumba waliingia mjini na magodoro kichwani. Kati yao alikuwa shangazi yangu, dada ya baba, aliyeolewa kule. Alikuja na mume wake, wakwe zake, na majirani zake, wake kwa waume na watoto, na mkokoteni wa mbao wa chukudu uliojaa sufuria na viazi walivyowahi kung'oa. Walijua nyumba moja tu Goma, nayo ni ya mama mdogo. Mama mdogo aliwapokea, akawaonyesha ua, akasema tu mtoto amelala ndani asiamshwe, akabeba makala yake akakimbilia sokoni, kwa sababu wageni wengi vile lazima wale.

Ndani hamkuwa na nafasi. Kwa hiyo shangazi na wenzake wakafanya wanachofanya watu waliokimbia mara nyingi mpaka wakazoea. Walifunga turubai uani, kona moja kwenye paa, kona nyingine kwenye mti wa jirani. Wakawasha moto mkubwa katikati. Wanawake wakajifunga vitenge kiunoni wakakaa chini kwenye mikeka, miguu imenyooshwa, na kwa kuwa walikuwa wameacha nyumba zao zikiungua nyuma yao, wakalia. Wanaume wakakaa pembeni juu ya mawe, mikono kwenye mashavu, kimya.

Mtu yeyote wa Goma anajua hiyo ni picha ya nini. Turubai, moto, wanawake chini, wanaume kimya pembeni, na ndani ya nyumba mtoto ambaye wote walikuwa wanamngoja afe.

Na adabu ya kwetu ni kwamba matangani mtu haulizi. Kuuliza "nani amekufa?" mlangoni ni ukatili. Unaingia, unatafuta mahali, unakaa, unalia kidogo, unasema pole. Jina la marehemu litajitokeza lenyewe. Kwa hiyo jirani wa kwanza aliingia, akamshika shangazi mabega akalia naye. Wa pili akaleta kuni. Wa tatu akaleta viti vya plastiki vya kanisa. Mzee wa nyumba kumi alikuja na kofia mkononi.

Nilisikia yote kutoka godoroni, kupitia mbao na magazeti. Nilisikia shangazi akisema, kwa sauti ya mshangao wa kweli, "Batu ya Goma biko na huruma! Sikujua. Banatulilia na hawatujue."

Maskini shangazi. Alidhani wanamlilia yeye. Nao walidhani analia kwa ajili yangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema; hapa mwenyeji alikuja kumzika mtu na mgeni akashukuru. Asubuhi yote ilipita hivyo, kila upande unaupa pole upande mwingine, na hakuna aliyekosea neno hata moja. Mimi nilielewa mapema. Mama mmoja alikaa chini ya dirisha langu akamwambia mwenzake, "Mwili uko mu chumba hii hapa." Mwili ulikuwa unamsikiliza.

Ningeweza kuita. Nakiri wazi nilivyojisikia: nilifarijika. Nilifikiri, kumbe imekwisha, na sikulazimika kufanya kitu. Nilifumba macho mbele ya mwanamke wa dawa ya meno nikajiachia, na nadhani sijawahi kuwa karibu na kule kama asubuhi ile, nikiwa mzima, na pale nje wameshaanza kunipikia.

Kisha likaja darasa.

Mtoto wa jirani alikuwa amepeleka habari shuleni, na mkuu wa nidhamu hakupoteza nafasi ya kufunga vitabu. Walikuja kwa mstari, wote wamevaa bluu na nyeupe, wameshika matawi, wakiimba ule wimbo wa wanafunzi wa kumsindikiza mwenzao. Niliwasikia tangu barabarani. Waliimba vizuri, nisiwasingizie. Siku isiyo na masomo humpa mtu sauti nzuri.

Walipofika uani wakaanza kulia, na mimi nikafumbua macho. Kile kilio nilikijua. Pua imebanwa, mdomo umefumbwa. Ulikuwa mlio uleule wa ng'ombe, wamebadilisha tu kusudi.

Mkuu wa nidhamu akaomba ukimya, akasema shule imepoteza ua. Ua! Mimi na magoti yangu! Kisha akamwita shefu wa darasa aseme neno la mwisho kwa niaba ya wanafunzi. Nilimsikia akisogea, nikasikia viatu vyake kwenye kokoto. Alianza kwa Kifaransa, kama inavyotakiwa, akaishiwa, akaingia Kiswahili.

"Alikuwa dada yetu," alisema. "Alikuwa mupole. Hakukuwa anasemaka mingi, juu alikuwa na hekima. Batu bengine habakumujua, lakini miye, nilikuwa rafiki yake ya roho. Ku mapumuziko tulikuwa tunakulaka pamoja. Siku moja alituletea hata jibini ya kwabo. Tulikula yote. Sitasahau ile jibini."

Na watu wakalia. Akina mama waliopita dirishani kwangu bila kuingia walilia kwa ajili ya jibini la baba yangu.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu, na sikukielewa kwa upole. Nilikuwa nimedhani kufa kungekuwa kitu changu, cha mwisho nilichobaki nacho. Sivyo. Kifo changu kingekuwa chao. Wangekichukua, wakakivalisha sare, wakakiimbia, na yule msichana angekitumia kujionyesha ana roho nzuri, na jioni wangekula maharage yangu ya matanga na kurudi nyumbani wamependeza. Kimya walichonitia kwa mlio wao walikuwa wamekwisha kukiita hekima. Nilijisikia dharau kubwa kiasi kwamba ilinishika mgongo ikanikalisha. Sikuwa nimekaa kwa siku nyingi. Chumba kilizunguka. Nikashika ukuta, kiganja juu ya meno ya yule mwanamke, nikasimama.

Nilifungua mlango. Jua la mchana lilinipiga machoni sikuona kitu kwanza, nikasikia tu. Mama mmoja alipiga yowe la Yesu. Viti vya plastiki vikaanguka. Mzee wa nyumba kumi, aliyekuwa ameshika kofia kwa heshima tangu asubuhi, aliruka ukuta wa mawe kama kijana. Mkuu wa nidhamu alirudi nyuma mpaka akakaa kwenye sufuria ya viazi vya Kibumba, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa bado haijachemka.

Shefu wa darasa ndiye hakukimbia. Alikuwa karibu mno. Alibaki na tawi mkononi na mdomo wazi.

Nikamwambia, na sauti yangu ilitoka mbovu kwa kutotumika: "Endelea. Ulifika ku jibini."

Aliliweka tawi chini.

Wakati huohuo mama mdogo aliingia kwa lango. Mwenye pikipiki mmoja alikuwa amemwambia sokoni, "Mama, pole ya mutoto," naye akaacha makala yote chini akakimbia, kiatu kimoja kimebaki njiani. Hakuwa analia kwa nyimbo. Alikuwa anatoa sauti moja tu, isiyo na neno ndani yake, na ndiyo sauti pekee siku ile iliyonifanya nione aibu. Aliniona nimesimama. Alinipiga kofi kwanza, kwa nguvu zote, ndipo akanikumbatia, na makala ya mikono yake yakabaki mgongoni mwangu. "Usinifanyie tena," alisema. "Usinifanyie tena, mama yangu." Nikamwambia sikufanya kitu. Ilikuwa kweli.

Watu walipoelewa, wakaanza kucheka kicheko cha kujificha, kisha kuchukua vitu vyao. Viti vya kanisa viliondoka. Kuni zilizokuwa hazijashika moto ziliondoka. Mkuu wa nidhamu alifuta matako yake, akamnong'oneza shefu wa darasa, naye akasogea mbele ya shangazi bila kunitazama. Darasa lilikuwa limekuja na sukari ya matanga, mfuko mzima, umewekwa kwenye mkeka tangu walipoingia.

"Mama," alisema, "vile mutoto hakufe, tunaomba turudishe sukari ku masomo."

Shangazi alimtazama. Alikuwa mwanamke aliyetembea usiku wote na mjukuu mgongoni, na alikuwa ndio kwanza anaelewa kwamba huruma yote ya asubuhi haikuwa yake.

"Sukari ya kumulilia mulikuwa nayo," alisema taratibu. "Ya kumupa chai akiwa muzima hamukuwa nayo?"

Shangazi akaufungua mfuko kwa meno, akachota kwa kiganja, akamimina kwenye kikombe cha chai ya maziwa kilichokuwa kando ya moto, akaninyooshea mbele yao wote. Nikapokea kwa mikono miwili, macho nimeangalia chini, kama nilivyofundishwa kwetu. Hakuna aliyelia mbuuu. Nikanywa chai ya matanga yangu mwenyewe mpaka chini, ilikuwa tamu kupita kiasi, nikaomba nyingine.

Nisidanganye kwamba chai iliniponya. Uzito ulirudi, na umerudi mara nyingi tangu hapo. Lakini shangazi alilala chumbani kwangu kipindi chote cha vita vile, mgongo wake kwenye mgongo wangu, hakuniuliza pepo langu linaitwaje, na asubuhi alinipa viazi vya kumenya. Nilirudi shuleni. Jina langu likawa Marehemu, ambalo nililiona ni cheo. Na kijana wa kwanza aliyethubutu kulia kama ng'ombe nilimgeukia nikamwambia kwamba hivyo ndivyo anavyolia fahali aliyehasiwa, na kwa mara ya kwanza darasa lilicheka likiwa upande wangu. Sikuwashukuru.

Yule shefu wa darasa siku hizi ni mama wa heshima, anaongoza vijana kanisani. Nilimwona mwaka huu, vita vingine vikiwa vimejaza tena kambi ya wakimbizi ya Mugunga, hapohapo Mabanga, kwenye matanga ya msichana wa shule ambaye sikumjua, mtoto wa watu waliokimbia. Alisimama kusema neno. Alikuwa mupole, alisema. Hakukuwa anasemaka mingi, juu alikuwa na hekima. Tulikuwa tunakulaka pamoja.

Watu walilia. Mimi nilijikuta nautazama mlango wa ile nyumba. Niliutazama muda mrefu, mpaka jirani yangu akaniuliza ninangoja nini. Haukufunguka. Na magotini pangu, kama kila mtu aliyekuja, nilikuwa nimeshika mfuko wa sukari.